Mawe ya graniti ya Mwanza kwa msingi: uzoefu wangu

Kiwanja changu kiko mlimani upande wa Igogo, kwa hiyo msingi wa tofali sikuufikiria kabisa. Nilinunua mawe ya hapa hapa, kwa tripu, nikajengea msingi pamoja na ukuta wa kuzuia udongo. Masika yamepita, sijaona ufa.

Ni graniti ile ile ya Jiwe la Bismarck pale ziwani, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda polepole chini sana ardhini, ndiyo maana punje zake unaziona kwa macho: kwatzi inayong'aa, feldispa nyeupe au ya pinki, na vidoa vyeusi vya maika. Likiwa zima halinywi maji kirahisi. Uzuri huo una masharti yake: kwenye ukuta wa mlimani lazima uache vipande vya bomba vipenye, la sivyo maji ya mvua yatakwama nyuma na kuusukuma.

Shida yangu ilikuwa kwa muuzaji. Tripu moja ilikuja imechanganywa na mawe yaliyooza. Maji yakipenya kwenye nyufa miaka na miaka, feldispa hugeuka udongo. Jiwe linakuwa la kahawia, ukilisugua kwa kidole gumba linamwaga punje. Fundi alikuwa akiligonga kila moja kwa nyundo: zima linalia, bovu linatoa mlio wa kufa. Muuzaji akabisha eti mawe ni mawe. Tuliyarudisha, nauli juu yangu.

Mengine yalikuwa na masizi. Hayo yamepasuliwa kwa moto, mara nyingi wa matairi (wanaoishi jirani na machimbo wana kazi). Moto huacha nyufa nyembamba ndani, basi fundi aliyatumia kujazia katikati tu, kona hayakugusa.

Bei ya mawe yenyewe si mbaya. Hela inaliwa na saruji, kwa sababu maumbo hayalingani na maungio yanakuwa mapana, halafu na ufundi: kuchonga kona kwa tindo ni kazi ya jasho, na kila jiwe lioshwe vumbi kwanza ili saruji ishike. Usafiri nao. Mita moja ya ujazo ya jiwe zima ina tani 2.6 hivi, na lori letu lilikataa kilima, tukashusha barabarani na kupandisha kwa vibarua.

Kuta za juu nimejenga kwa tofali. Kwa msingi natoa nyota nne kati ya tano, na uzio nao nitaujenga kwa mawe haya, ila safari hii nitasimama machimboni mwenyewe wakati wa kupakia.