Uzoefu wangu: shiti za nta za dukani na mabonge ya nta ya Sikonge

Shiti hizi, yaani karatasi nyembamba za nta zinazotiwa kwenye fremu ili nyuki wajengee sega juu yake, nilizinunua kwa muuzaji wa vifaa vya ufugaji nyuki ambaye sitamtaja, kwa ajili ya mizinga yangu ya Langstroth (ya masanduku yenye fremu za kuchomoa) hapa Sikonge, Tabora. Kwa macho hazina kasoro: njano iliyokolea, laini, chapa ya vyumba imekaa sawasawa. Bei nayo ni nafuu kuliko mabonge ninayonunua kwa akina mama wa kikundi kijijini, na hapo ndipo penye walakini. Nta iyeyushwe, ichujwe, ipigwe chapa, isafirishwe, halafu iuzwe rahisi kuliko bonge la kijijini?

Nyuki walinionyesha tofauti mapema. Kwenye fremu zenye shiti hizo walijenga kwa kusuasua, pembeni wakazitafuna na kuacha matundu. Joto la Oktoba lilipopamba moto, kadhaa zikalegea na kupinda katikati, sega likagandana na la fremu ya pili. Mizinga niliyoweka nta ya akina mama, chini ya mti uleule, masega yamenyooka.

Nta halisi huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Ikichanganywa na parafini laini (nta ya mishumaa itokanayo na petroli, si mafuta ya taa), huanza kulegea mapema, na sega lililojaa asali ni zito. Siapi kwamba nilichouziwa kina parafini, maana hilo ni la maabara. Ila dalili ninazo. Nikivunja bonge la akina mama, pale palipovunjika ni pakavu, pana chengachenga; shiti hii inajikunja kwanza kabla ya kukatika. Nikitafuna kipande cha bonge kinamumunyuka bila kunata menoni, cha shiti kinaganda menoni kama ubani wa dukani. Harufu ya asali kwenye shiti ipo kidogo tu. Tena bonge lililokaa muda mrefu hutoa ukungu mweupe juu, ambao wengi hudhani ni uchafu. Si uchafu, ukilipasha moto kidogo unapotea.

Parafini ina nafuu ukilinganisha na stearini, kitu kingine kama nta kinachotokana na mafuta ya wanyama au mimea. Stearini inaua majana, yaani watoto wa nyuki: malkia anataga, lakini sega linabaki na mapengo kila mahali. Wafugaji wa Ubelgiji na Uholanzi yaliwakuta haya karibu mwaka 2016. Kwa hiyo anayesema "nta ni nta tu, nyuki watajenga" hajui anachouza.

Nta ya akina mama nayo si malaika. Mara nyingi inakuja na machicha chini ya bonge, na kuna iliyoungua kwa kuyeyushwa motoni moja kwa moja. Nyingine ni nyeusi kwa sababu ya chungu cha chuma. Mimi huiyeyusha upya ndani ya sufuria ya alumini yenye maji, moto mdogo, nachuja kwa kitambaa, naiacha ipoe taratibu usiku kucha, asubuhi nakwangua uchafu wa chini. Kazi ipo, kuni zinaungua. Lakini uchafu unaondoka, parafini haiondoki. Rangi isikudanganye: nta ya masega mapya huwa nyeupe, ya masega ya zamani hudhurungi, na zote zinaweza kuwa safi.

Kwa mizinga ya viunzi vya juu, ambayo haina fremu na sega huning'inia kwenye kijiti, shiti sioni haja yake kabisa. Mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa chini ya kiunzi unatosha kuwaelekeza nyuki, na harufu yake inavuta kundi jipya. Bonge moja linahudumia mizinga mingi.

Shiti hizi nazipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili za chapa. Nikirudi dukani kwa sababu ya Langstroth, nitaomba kipande cha kuvunja na kutafuna kabla sijatoa hela, na nitauliza nta imetoka wilaya gani. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, napeleka mabonge yangu kwa mwenye mashine ya chapa, namlipa ujira wake.