Ngiri ya ajali: nyuzi au wavu?

Usukani wa bodaboda ukikugonga tumboni, misuli inaweza kupasuka huku ngozi ikibaki nzima, na utumbo ukajitokeza chini yake kama uvimbe. CT skani ikishathibitisha ngiri, swali ni lile lile: daktari ashone kwa nyuzi tu, au aweke wavu wa plastiki wa kuimarisha misuli iliyopasuka?

Kwa kudumu, wavu unaongoza. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2000, ingawa ulihusu ngiri za kovu la upasuaji, ulikuta ndani ya miaka 3 zimerudi kwa 43% ya walioshonwa na 24% ya waliowekewa wavu.

Kwa maambukizi, nyuzi ni salama zaidi. Hapa nasisitiza: utumbo ukitoboka, kinyesi humwagika, vijidudu hung'ang'ania wavu wa plastiki, na huenda wavu huo ukalazimika kutolewa.

Kwa gharama, nyuzi ni nafuu.

Mtoto aliyeangukia usukani wa baiskeli, tundu dogo la misuli, tumbo safi lisilomwagikiwa kinyesi: mara nyingi nyuzi zinatosha. Mtu mzima mwenye pengo kubwa la misuli na utumbo usiotoboka: wavu. Utumbo ukiwa umetoboka, mara nyingi ni nyuzi kwanza, wavu usubiri.