Nimejaribu njia kadhaa za kukata faili refu la sauti kuwa nyimbo moja moja, uzoefu wangu ndo huu

Nilikua na kaseti za dakika 90, zile za 45 kila upande, nikawa naziingiza kwenye kompyuta upande mzima kwa mpigo mmoja, so unabaki na faili moja la WAV (sauti isiyobanwa) la kama MB 450 na ndani yake nyimbo nane tisa zimeshikana. Nikajua kukata ni dakika kumi tu. Wapi, wikiendi yote iliishia hapo.

Nilianza na tovuti moja ya kukatia hukohuko onlaini, jina silitaji. Nimepakia wee, imefika mwisho inaniambia faili limezidi kiwango. Kwa kukata mlio wa simu sawa, kwa kaseti nzima usijisumbue.

Af nikaenda mp3splt, programu inayotafuta kimya yenyewe na kukata hapohapo. Ni ya mafaili ya sauti iliyobanwa kama MP3 na OGG, si WAV, so nikatengeneza nakala ya MP3 kwanza. Ukiiacha ilivyo inahesabu kimya ni sauti iliyo chini ya desibeli -48, na kwa rekodi safi kiwango hicho kinafaa kabisa. Sasa kaseti haina kimya jamani! Kati ya wimbo na wimbo kuna ile shhhhh ya mkanda, na kwangu iko juu ya -48, faili likatoka zima kama lilivyoingia. Nikapandisha mpaka -30, hapo ndo nikacheka, wimbo mmoja una sehemu vyombo vyote vinanyamaza linabaki gitaa peke yake taratibu, ukakatwa vipande vitatu. Simlaumu mtu, programu haiwezi kujua kama pale mpigaji kapumzika tu au wimbo umeisha, sikio lako ndo linajua.

So nikarudi kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, na mkono wangu. Unacheza faili huku unafanya mambo yako, wimbo mpya ukianza unabonyeza Ctrl+M, inaweka lebo (alama yenye jina) palepale bila kusimamisha, unaandika jina la wimbo unaendelea. Mi huwa nachelewa kubonyeza kama nusu sekunde, ndo maana baadae navuta mawimbi karibu naisogeza lebo nyuma kidogo, mpaka pale shhhh inapoisha na ngoma ya kwanza inapogonga, wimbi unaliona kabisa limesimama kama mlingoti. Ukimaliza unaeksipoti mafaili mengi kwa mpigo na kila lebo inakua jina la faili. Upande mmoja unanila kama saa nzima maana lazima usikilize, ila sijawahi kupata wimbo uliokatwa kichwa.

Kitu kimoja tu uangalie, kama faili lako tayari ni MP3 Audacity inalifungua lote na kulibana upya wakati wa kueksipoti, ubora unapungua kidogo. Hapo tumia mp3DirectCut (ya Windows) au ffmpeg (programu ya kuandikia amri) ukiweka amri ya -c copy, zinakata bila kugusa sauti yenyewe. Haziwezi kukata popote lakini, MP3 imejengwa kwa vipande vidogo vya kama milisekunde 26, so mkato unaangukia mwanzo wa kipande. Kwa nyimbo za kawaida husikii chochote, ila shoo ya laivu ambayo makofi yanaunganisha nyimbo unaweza kusikia kama kishindo kidogo pale zinapokutana.

Lebo zangu zote nimezitoa kama faili la teksti, kila mstari una sekunde za mwanzo, za mwisho na jina. Nilidhani nikirekodi tena kaseti ileile nitazirudisha tu na kazi imeisha, kumbe deki yangu haizunguki kwa kasi ileile kila siku, kufika wimbo wa saba lebo zilikua zimepitwa sekunde mbili nzima. Majina angalau sikuandika upya.