Jumba la michezo la ndani hapa Mombasa: lisifungwe, ila wasianze na rangi

Nyota 2 kati ya 5. Ni jumba la geimu na michezo ya watoto, ghorofani, bila madirisha ya kufunguka, na mashine zake nyingi zimepita miaka 20. Wako wanaotaka lifungwe, nafasi wapewe wenye maduka. Wako wanaotaka lipakwe rangi na liletewe mashine mpya. Mimi nasema likarabatiwe. Februari na Machi jua la hapa halimwachi mtoto acheze nje saa saba mchana, na mvua za masika zikishuka, Mama Ngina Waterfront na ufuo wa Bamburi havikaliki. Mji huu unahitaji pahali pa watoto palipoezekwa. Lakini ukarabati ukianza na rangi na mashine mpya, baada ya miaka 3 tutarudi papa hapa, kwa kuwa kilichoziua mashine hizi bado kimo humo humo ndani.

Mashine zilizosimama sakafuni ni 41. Zinazofanya kazi sawasawa ni 17. Nyingine 11 zinawaka lakini hazichezeki: kitufe hakisikii, usukani unavuta kushoto, tiketi hazitoki. Zilizobaki 13 zimezimwa. Tokeni moja ni shilingi 50, na mashine za kuendesha gari zinakula mbili mbili, kwa hivyo mzazi anayemwachia mtoto ajaribu yoyote anayoiona inawaka atapoteza pesa nyingi kabla hajaipata nzima.

Watu wanalaumu umri. Si umri. Fungua mlango wa nyuma wa mashine ya mbio za magari iliyo karibu na vyoo. Konekta zimeota ukungu wa kijani, skrubu zimeliwa vichwa hata bisibisi haishiki, na juu ya bodi, yaani kile kibao cha saketi kinachoendesha geimu, kuna vumbi jeupe linalong'aa kidogo ukilimulika na tochi. Hiyo ni chumvi ya bahari. Chumvi ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, inavuta maji na kuyeyuka yenyewe. Kila mpishi wa pwani anaijua, maana kikopo cha chumvi kikiachwa wazi jikoni usiku, asubuhi kimeloa. Bodi ya geimu inafanywa vivyo hivyo, na maji ya chumvi juu ya shaba yenye stima ni sumu.

Sasa angalia ratiba ya jumba. Mchana AC zinanguruma, hewa ni kavu, mashine zina nafuu. Saa nne usiku wanafunga, wanazima AC zote ili kubana bili, na feni ya kutoa hewa inaachwa ikivuta hewa ya nje kupitia kila upenyo. Hewa hiyo nzito inakutana na vyuma vilivyopozwa mchana kutwa, na matone ya maji yanajishika juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka frijini. Kutu ya mashine hizi huzaliwa usiku. Mashine mpya ikiletwa humu bila kubadilisha huo usiku wake, itaanza kuliwa wiki ya kwanza.

Dawa yake si ghali kuliko mashine hata moja ya kisasa. Feni ya kutoa hewa izimwe saa ya kufunga. Mianya ya juu ya dari na chini ya milango izibwe. Mashine za kukausha hewa ziwekwe, zile zenye bomba la kumwaga maji moja kwa moja kwenye mfereji, si za ndoo, kwa sababu ndoo ikijaa saa nane usiku mashine inajizima na hakuna mtu wa kuimwaga. Unyevu ushikwe kati ya asilimia 45 na 60 saa zote 24. Na zile AC za nje kwenye ukuta unaotazama bahari zioshwe kwa maji matamu kila mwezi. Mapezi yake ya alumini yamekuwa unga, ukiyagusa yanapukutika, ndiyo maana upande wa kulia wa ukumbi una joto hata AC ikiwa imewaka.

Adui wa pili ni stima. Bodi nyingi za geimu za zamani zinatumia volti 5 tu, zinazotoka kwenye pawasaplai, kile kifaa kinachoshusha stima ya ukutani na kuilisha bodi. Zikishuka chini ya 4.75 hivi, geimu inajizima na kujiwasha katikati ya mchezo, na tokeni ya mtoto imekwenda. Mafundi wengi wanakimbilia kuzungusha kile kiskrubu kidogo cha pawasaplai mpaka geimu itulie. Wanakosea. Pima kwanza kwenye pawasaplai, halafu pima kwenye bodi yenyewe. Ukipata 5.05 huku na 4.68 kule, pawasaplai haina ubaya. Volti zinapotelea kwenye waya na konekta iliyoshika kutu. Ukiongeza volti, mzigo wote unapita kwenye pini chache zilizobaki safi, zinachemka, plastiki inageuka kahawia, na mwisho konekta inaungua. Katika mashine mbili za kupigana zilizo hapo kahawia hiyo tayari inaonekana. Zima, chomoa bodi, sugua meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, acha ikauke, rudisha, pima tena. Ni kazi ya nusu saa.

Mashine zilizotoka Japani zimeundwa kwa volti 100, za Marekani kwa 120, na soketi zetu ni 240. Kila moja inataka transfoma yake ya kushusha. Hapa nimekuta mashine mbili za kuendesha gari zimechomekwa kwenye transfoma moja ya wati 500, imewekwa sakafuni nyuma ya kabati bila kifuniko, mahali ambapo mkono wa mtoto anayetafuta tokeni iliyoanguka unafika. Hilo liondolewe leo, lisingoje ukarabati.

Tena stima ikipotea na kurudi, mashine zote zinaamka kwa mpigo mmoja, volti zinayumba, na pawasaplai dhaifu ndizo zinazokufa. Ukumbi ugawanywe makundi 4 au 5, kila kundi na swichi yake kwenye bodi kuu, na kila kundi lilindwe na kifaa cha kukata stima inayovuja cha miliampia 30. Stima ikirudi, msimamizi angoje dakika 3, kisha awashe kundi baada ya kundi. Waya za ukutani zivutwe upya na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na nondo ya athi, ile inayozamishwa ardhini ili stima inayovuja iishie huko, ipimwe, maana udongo wa pwani unaila shaba.

Kuhusu zipi zibaki na zipi ziondoke, nitasema waziwazi hata kama litawaudhi wanaozipenda. Geimu za skrini za mbio na za kupigana zina mshindani mfukoni mwa kila mtoto, yaani simu. Zibaki 4 au 5 zilizo nzima kwa ajili ya wakubwa wanaozikumbuka, nyingine zifunguliwe kwa vipuri. Mashine ya kulenga shabaha imekwisha kuharibiwa: fundi fulani aliitoa skrini yake ya zamani ya kioo kizito akaweka televisheni bapa. Bunduki za aina ile zinasoma mwanga wa skrini ya zamani unavyochorwa mstari kwa mstari, kwa hivyo mbele ya skrini bapa hazioni kitu. Labda zifungwe bunduki za kutumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, la sivyo ile kabati ni sanduku tupu. Na anayezifungua skrini hizo za zamani asisahau kwamba hubaki na stima kali ndani hata baada ya kuzimwa.

Zinazostahili kubaki ni zile ambazo simu haiwezi kuziiga: mpira wa kikapu, hoki ya hewa, mashine ya kunyakua midoli, nyundo ya kugonga. Nazo ndizo rahisi zaidi kutengeneza. Kikapu kisichohesabu alama mara nyingi kina vumbi tu kwenye jicho la infraredi chini ya ringi. Kitambaa laini kinatosha. Hoki ya hewa ya hapa inakwama upande mmoja kwa sababu matundu yameziba. Kwanza safisha kichujio cha feni iliyo chini ya meza, kisha zibua tundu moja moja kwa ncha ya keekee ya kipimo kile kile, ukiizungusha kwa vidole. Ukitumia mashine ya keekee utayapanua, hewa itatoka nyingi hapo na kupungua kwingine, na meza itakuwa mbovu kuliko mwanzo. Vitufe na joistiki vinataka maikroswichi tu, vile vijiswichi vinavyobonyezwa ndani yake, vipuri vya bei ndogo vinavyopatikana Luthuli Avenue Nairobi na kufika kwa basi la usiku. Tiketi za karatasi zinakwama kwa kuwa zimevimba kwa unyevu. Zihifadhiwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana.

Magari ya kugongana ndiyo yanayowaleta watoto, na ndiyo yanayonitia hofu. Yako 12, yanayokwenda ni 5. Ni ya aina ya zamani: stima inashuka kutoka wavu wa darini kupitia mlingoti wa gari na kurudi kupitia sakafu ya chuma. Sakafu ina mabaka ya kutu, na gari likifika kwenye baka linazimika. Mtoto afanye nini? Anashuka kulisukuma, huku magari mengine yanakuja. Swichi ya kukata stima yote iko kwenye dawati la tiketi, si mkononi mwa msimamizi aliyesimama ukingoni. Ihamishwe. Kutu hiyo nayo wanaizalisha wenyewe kwa kupiga deki ya maji na sabuni kila asubuhi. Sakafu ile isuguliwe kwa brashi ya waya na kupanguswa kavu. Gari namba 4 na namba 9 mpira wake wa pembeni umepasuka hadi chuma kimechungulia, na mikanda ya magari matatu haishiki. Hayo yatolewe uwanjani.

Kwenye uwanja wa watoto wadogo, wavu umetoboka sehemu mbili. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya viwanja vya watoto, EN 1176, kinaogopa matundu ya kati ya milimita 89 na 230, kwa sababu mwili wa mtoto unapita na kichwa kinanasa. Tundu moja la hapa linapitisha ngumi yangu mbili zikiwa pamoja. Magodoro ya sponji yaliyochanika yasishonwe, yabadilishwe, maana sponji ikishanywa mkojo na jasho haikauki tena. Vile vibanio vya plastiki vinavyofunga sponji kwenye nguzo vikatwe ncha na kugeuzwa upande wa nje. Vyoo ni safi, vibanzi ni vizuri, wahudumu wana heshima.

Liko jambo moja tu ambalo lingenifanya niseme lifungwe. Ukumbi una milango miwili ya kutokea, na wa nyuma umetiwa kufuli na kuzibwa na makatoni ya zawadi. Mei 2024 moto uliwaka katika jumba la michezo la Rajkot, India, ukaua watu zaidi ya 20, wakiwemo watoto. Cheche za kulehemu zilidondokea vitu vinavyoshika moto upesi huku watu wakicheza ndani. Jumba letu limejaa sponji, plastiki na waya chakavu. Mlango ule usipofunguliwa, lifungwe kesho asubuhi. Na ukarabati ukianza, asilehemu mtu chuma humo hata dakika moja watoto wakiwa ndani, hata kama ni pembe ya mbali iliyozungushiwa turubai.

Wakati mzuri wa kazi ni muhula wa pili, shule zikiwa zimefunguliwa, ili Agosti milango iwe wazi. Mlango wa dharura na waya kwanza, halafu hewa, halafu magari na nyavu, na mashine mpya mwisho kabisa. Kabla ya kuagiza hata moja, mwenye jumba anunue kipimo kidogo cha unyevu, akitie ndani ya kabati la ile mashine iliyo karibu na vyoo, na akisome kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla ya AC kuwashwa, kwa mwezi mzima. Kikikaa chini ya 60, aagize.