Vibonye 61, kisha 88, sasa 73: vinanda vitatu na mkono wangu wa kushoto

Kinanda changu cha kwanza kilikuwa na vibonye 61. Cha pili 88. Hiki ninachotoka nacho sasa kwenda kupiga na bendi kina 73. Ukiitazama hesabu hiyo utadhani nilikuwa na mpango. Sikuwa nao. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa moja: nilihesabu vibonye kwa jumla, sikujiuliza mkono wangu wa kushoto huwa unakwenda wapi.

Kile cha 61 nakisifu bila haya. Kilikuwa chepesi, kilo tano hivi, nakibeba kwapani kama mkeka. Spika zimo ndani yake, midundo ya kusindikiza imo, unachomeka umeme na kupiga. Kinaanzia noti ya C na kuishia C, oktava tano kamili (oktava ni hatua ya vibonye 12, kutoka C moja hadi C inayofuata), na nyimbo nyingi za kuimba zinaenea humo bila kubanana. Wanaokiita kinanda cha watoto huwa nawakumbusha ogani ya Hammond B-3, ambayo wapigaji wakubwa wa jazi na injili wamehangaika kuibeba ngazini: ina safu mbili za kupigia, na kila safu ina vibonye 61. Hata vinanda alivyopigia Mozart vilikuwa vya oktava tano. Hapo lakini kuna kitu kilinichelewa. Oktava tano za Mozart zilianzia F, nusu-toni saba chini ya ile C ambayo kinanda cha 61 cha leo kinaanzia. Ni vibonye saba tu, lakini ukijaribu kupiga kazi zake kwenye 61, kidole kidogo cha kushoto kinashuka kutafuta noti na kukuta plastiki ya pembeni.

Hicho ndicho kilichoniudhi mpaka nikakiuza. Kitufe cha kushusha oktava kipo, najua, nilikitumia sana. Ukikibonyeza, kinanda kizima kinashuka, unapata besi na kupoteza juu. Ni shuka fupi: ukivuta kufunika miguu, kifua kinabaki nje. Kwa mpigaji wa sinthi, yaani kinanda cha kuunda sauti za kielektroniki, anayepiga laini moja kwa mkono mmoja, si tatizo kabisa. Kwa anayejifunza piano kwa mikono miwili ni kero ya kila siku.

Nikaenda kununua 88. Nilipokaa mbele yake dukani na kugusa noti ya kwanza nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, nikaamini raha ile inatokana na wingi wa vibonye. Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo, maana nadhani wengi tunadanganyika hapa. Kilichonifurahisha kilikuwa uzito wa kibonye. Vinanda vyepesi hurudisha kibonye kwa springi, unabonyeza, kinaruka. Vinanda vya piano vya dijitali vina nyundo ndogo ndani, na nyundo hizo zinampa mtu ukinzani wa piano halisi; mara nyingi upande wa besi ni mzito kidogo kuliko upande wa juu, kama ilivyo kwenye piano yenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vimekosa nyundo kwa miaka miwili, na mimi nikadhani vimekosa noti. Madukani mambo haya mawili huuzwa pamoja: 61 kwa kawaida ni ya springi, 88 ya piano ni ya nyundo. Kwa hiyo mtu anauliza "kina vibonye vingapi?" wakati swali lake hasa ni "vibonye vyake vina uzito gani?"

Nyumbani, 88 haina mpinzani. Nimekaa nayo miaka mingi na sifikirii kuitoa. Kinaanzia A ya chini kabisa, yenye mitetemo 27.5 kwa sekunde, kinaishia C ya juu yenye 4,186. Nikisema kweli, oktava ile ya juu kabisa kazi yangu kubwa nayo ni kuipangusa vumbi. Lakini chini kule nashuka karibu kila siku, hasa nikipiga peke yangu na hakuna mtu wa kujaza besi.

Balaa lilianza nilipokitoa nje.

Sitaji chapa yake, kwa sababu kinanda hakikuwa na hatia. Kilitengenezwa kukaa chumbani na mimi nikakigeuza msafiri. Kilo ishirini na ushee, ongeza begi, ongeza stendi. Ukumbi wa kwanza tuliopigia ulikuwa ghorofani. Nilifika juu mikono inatetemeka, na nikaanza wimbo wa kwanza mikono bado inatetemeka. Jukwaani kilikula nafasi ya watu wawili. Mpiga dramu alilazimika kusogeza sahani zake, na kila nilipoinama kurekebisha sauti nilimgusa mwimbaji kwa kiwiko. Hesabu yake ni rahisi. Kibonye cheupe cha kawaida kina upana wa milimita 23 na nusu hivi. Kwenye 88 vyeupe ni 52, kwa hiyo vibonye peke yake ni sentimita 122, na ukiweka mbao za pembeni unafika mita moja na robo au zaidi. Kwenye 61 vyeupe ni 36, sentimita 85.

Yote hayo ningevumilia. Kilichonikata maini ni maneno ya mpiga besi wetu baada ya onyesho la tatu. Alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, ule mkono wako wa kushoto ungeufunga kitambaa."

Nilichukia, halafu nikasikiliza rekodi ya simu. Alikuwa sahihi. Gitaa la besi la nyuzi nne linaanzia E, mitetemo 41 kwa sekunde. Mimi nyumbani nimezoea kupiga peke yangu, mkono wa kushoto unatembea kulekule. Tukiwa wawili chini pale, sauti inakuwa tope: hujui besi ni ipi na piano ni ipi, na fundi mitambo anahangaika kukata sauti za chini za kinanda changu ili wimbo usikike. Yaani nilikuwa napandisha ngazini kilo ishirini na ushee za kinanda, na sehemu ya kinanda hicho ilikuwa imepigwa marufuku na bendi nzima.

Safari hii sikukimbilia dukani. Nilichukua vitambaa viwili, nikafunika vibonye vya pembeni vya 88 yangu mpaka vikabaki 61 katikati, kuanzia C hadi C, kisha nikapiga nyimbo zote za bendi kwa wiki mbili. Kila kidole kilipogusa kitambaa niliweka alama kwenye karatasi, safu ya kushoto na safu ya kulia. Safu ya kulia ilibaki karibu tupu. Ya kushoto ilijaa, hata baada ya kujizuia kwa ajili ya mpiga besi, kwa sababu kuna nyimbo zinazoanza na piano peke yake na kuna siku mpiga besi hayupo. Wiki ya tatu nikasogeza kitambaa cha kushoto mpaka E, ileile E ya gitaa la besi. Alama zikakoma, isipokuwa kwenye nyimbo mbili ambazo mwisho wake nimejizoesha kupiga A ya chini kabisa kwa mbwembwe. Mbwembwe nikaziacha.

Jaribio hilo halikugharimu chochote, na ningemshauri mtu yeyote mwenye 88 au anayeweza kuazima afanye hivyo kabla ya kununua cha kusafiria. Lilinionyesha kwamba sihitaji vibonye vingi zaidi ya 61. Nahitaji vichache vya kuongezea, na vyote upande wa kushoto.

Vinanda vingi vya jukwaani vya 73 vinaanzia E na kuishia E. Si jambo jipya. Piano ya umeme ya Rhodes iliyozunguka majukwaani miaka ya 1970 ilikuwa na toleo la 73 na toleo la 88. Vya 76 kwa kawaida vinaanzia E hiyohiyo na kufika G, kwa hiyo nyongeza yake yote iko juu, mahali ambapo karatasi yangu ilikuwa tupu. Hata hivyo usiiamini namba peke yake. Angalia kibonye cha kwanza kushoto ni noti gani, maana idadi ileile inaweza kuanzia mahali tofauti.

Nilichonunua ni 73 chenye nyundo nyepesi kidogo kuliko za nyumbani. Kwa mfano wa tofauti ya uzito: Yamaha CP88 ina kilo 18.6, na ndugu yake CP73 ina kilo 13.1. Upana umepungua sentimita ishirini na kitu, uzito kilo tano na nusu, na hizo kilo tano na nusu ukiwa ngazi ya tatu unazihesabu moja moja. Lakini nisikufiche, kuna 88 zenye nyundo ambazo ni nyepesi kuliko 73 nyingi: Yamaha P-45 ina kilo 11.5, Casio PX-S1000 kilo 11.2. Kama shida yako ni mgongo tu na nafasi jukwaani unayo, huenda usihitaji kupunguza kibonye hata kimoja. Mimi shida zangu zilikuwa mbili.

Onyesho la kwanza na 73 nilijiaibisha. Macho yangu yalizoea 61 ya zamani, ambayo ukitazama ukingo wa kushoto unaona C. Taa zikazimwa, nikaweka kidole ukingoni nikiamini ni C, wimbo ukafunguka kwa E. Mpiga besi alicheka mpaka akapitwa na mahali pake pa kuingia kwenye wimbo. C ya katikati, ambayo kwenye 61 ni kibonye cha 25 kutoka kushoto, hapa ni cha 33, na kwenye 88 ni cha 40. Ukibadilisha vinanda mara kwa mara, zoea kusoma makundi ya vyeusi viwili na vitatu. Ukingo utakudanganya.

Kinachonikera bado ni ogani. Vibonye vya nyundo havipendi kuteleza, ukiburuza kiganja kama wapigaji wa Hammond unatoka na vidole vyekundu, na kodi za haraka haraka (za muziki, za nyumba ni shida nyingine) zinachelewa kunyanyuka. Rafiki yangu anayepiga zaidi ogani na sinthi kuliko piano alijaribu changu dakika kumi akarudia 61 yake ya springi, na sikuwa na la kumbishia. Kwa kazi yake ile ndiyo saizi sahihi. Tena akitaka piano chini ya mkono wa kulia na besi mkono wa kushoto, anakigawa kinanda na kila upande anaupangia oktava yake. Panabana, lakini panapigika.

Kugawa hivyo kwenye 73 ndiko kulikoniokoa siku mpiga besi alipougua. Niliweka sauti ya besi kuanzia ile E mpaka karibu na C ya katikati, juu yake piano, na kwa mara ya kwanza mkono wangu wa kushoto ukaruhusiwa kufanya ulichozoea nyumbani.

Mambo mengine madogo nitayapitia haraka. Vinanda vingi vya bei ya chini, vya 61 na hata vya 88, havina matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye mitambo; vina tundu la hedifoni tu. Linafaa, ila nimewahi kupiga wimbo mzima sauti ikitoka nusu kwa sababu ya waya usiolingana. Kinanda cha jukwaani kiwe na matundu mawili, na ukipewa waya mmoja chomeka lililoandikwa L/Mono. Pedali ile ya kibao chepesi inayokuja ndani ya boksi itelekeze; huteleza sakafuni mpaka uifuate kwa mguu kama panya. Na stendi ya X inayobeba 61 bila shida inaweza kuyumba chini ya kilo kumi na tatu, hasa ukipandisha juu upige umesimama. Mimi nilibadilisha baada ya kuona kinanda kinacheza kuliko watu.

Begi nalo lina mambo yake. Niliambiwa la 76 litafaa kwa 73, na kweli kinaingia, lakini kinabaki na nafasi ya kutembea ndani, na kila gari likifunga breki nasikia kinagonga mwisho wa begi. Nimekijazia taulo mbili upande wa kulia. Pima urefu, kina na unene wa kinanda chako kwa futi kamba kabla ya kulipia begi. Vibonye 73 vya mtengenezaji mmoja vinaweza kukaa ndani ya umbo refu kuliko 73 vya mwingine, hasa magurudumu ya kupinda sauti yakiwekwa kushoto mwa vibonye badala ya juu yake.