Python 3: encode na decode zilizofungwa mkono

Katika lugha ya programu ya Python 3, `encode` ya stringi (maandishi) hurudisha baiti (data ghafi) tu, na `decode` ya baiti, kinyume chake, hurudisha stringi tu. Huo ndio uamuzi bora kabisa kwenye sehemu hii ya lugha.

Python 2 iliachia mlango wazi. `'abc'.encode('hex')` ilikupa `'616263'`, yaani baiti hizo zikiandikwa kwa namba za msingi wa 16, sawa. Lakini ukiita `decode('utf-8')` juu ya stringi ya yunikodi (mfumo wa herufi za lugha zote) yenye é, ulipata UnicodeEncodeError. Kosa la ku-encode wakati wewe una-decode! Sababu: lugha iligeuza maandishi kuwa baiti kimyakimya kwa ASCII kwanza, mfumo wa zamani usio na herufi kama é, ikakwama hapo.

Tangu toleo 3.4 la mwaka 2014, `'abc'.encode('rot13')` (rot13 husogeza kila herufi nafasi 13, hivyo hutoa maandishi, si baiti) inakataliwa kabla ya kufanya lolote: LookupError, ikikuelekeza kwenye `codecs.encode()` ya moduli ya `codecs`. Ujumbe safi, unaoeleweka hata usiku wa manane.

Kasoro ipo wakati wa kuhamisha msimbo wa zamani. Wengi hubadilisha kwa `codecs.encode(b'abc', 'hex')`, kisha wanaunganisha jibu na stringi na kugonga TypeError, maana jibu ni `b'616263'`, yaani baiti. Tumia `b'abc'.hex()`, iliyopo tangu 3.5, nayo hutoa stringi. Kurudi nyuma ni `bytes.fromhex('616263')`. Kwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, moduli ya `base64` inatosha, ila nayo hurudisha baiti, kwa hiyo malizia na `.decode('ascii')`.

Rot13 bado inapitia `codecs`. Ni wachache watakaoikosa.