Uzoefu wangu na mashine ya kuchanja kuni ya haidroliki tuliyoiunda wenyewe Malindi

Nina tanuri la mikate hapa Malindi, na kando ya mikate nawauzia kuni wenye matanuri ya piza. Waitaliano wamekuwa nasi tangu miaka ya 1960, kile kituo cha San Marco kilipoanza kurusha setilaiti kutoka baharini kule Ngomeni, kwa hiyo matanuri ya piza si machache mjini. Na tanuri la piza halipokei kuni yoyote tu. Wapishi wanataka vipande vyembamba, unene wa kifundo cha mkono, vikavu, vinavyoshika moto bila kufuka moshi. Nauza mvinje, mwarobaini, na mikorosho mizee inayong'olewa mashambani upande wa Ganda na Msabaha. Mkoko siugusi, na kuni zinazotoka msitu wa Arabuko-Sokoke sizipokei hata muuzaji aape vipi.

Mvinje ndio ulionisukuma kuunda mashine. Ukiwa mbichi unachanjika kwa taabu, na ukishakauka shoka linarudi kama limepiga jiwe. Mzee anayenichanjia kuni ameshika shoka tangu ujanani, na mwaka juzi bega lilianza kumkatalia. Alikuwa akimaliza mapande kumi anakaa chini, analikanda. Sikutaka kumwachisha kazi, na sikutaka kumwona akiumia mbele yangu kila asubuhi.

Mimi na fundi wangu tulianza na jeki ya chupa ya tani 20, ile ya kuinulia lori. Fremu ya chaneli, kabari juu, jeki chini, springi mbili za kuirudisha. Nguvu ilikuwepo, hilo nalikubali. Hata pande la mwembe lenye fundo lilisalimu amri. Lakini jeki hiyo inapanda milimita chache kwa kila pigo la mkono, na urefu wake wote ni kama sentimita 15, kwa hiyo ilibidi kuongeza vipande vya chuma katikati ya kazi. Pande moja lilitumaliza dakika mbili na zaidi. Anayetaka kuilaza jeki ya chupa ajue kwamba nyingi haziivuti oili zikilala, mpaka upande wa pampu uwe chini. Sisi tulipoteza siku nzima tukidhani imeharibika. Kwa mtu wa nyumbani anayechanja mapande matano kwa wiki, jeki inatosha kabisa. Kwa biashara haifai.

Ndipo tukaunda ya injini. Silinda, yaani bomba ambalo oili husukuma chuma ndani yake, ilitoka kwenye vyuma chakavu, ya trekta lililokuwa na koleo la mbele: kipenyo cha ndani sentimita 10, mwendo wa sentimita 60, na shafti, kile chuma kinachotoka na kuingia, unene wa sentimita 5. Injini ni ya petroli, nguvu farasi 6.5, hizi zinazouzwa kwa pampu za maji. Pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili, niliagiza Nairobi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: chukua pampu ya hatua mbili. Ina gia kubwa na gia ndogo ndani yake. Silinda ikienda bila mzigo, pampu inatoa oili nyingi, yangu karibu lita 41 kwa dakika, na shafti inakimbia. Kabari ikikutana na ubishi wa mti, pampu inajibadilisha yenyewe, inatoa oili kama lita 11 tu lakini kwa shinikizo kubwa. Ndiyo maana injini ndogo hivi inaweza kazi hii. Ukifunga pampu ya hatua moja ya ukubwa huo, injini itazima kila ikifika kwenye fundo.

Kila anayekuja kuiangalia huuliza kwanza ina tani ngapi. Hesabu yake ni hii: sentimita 10 za kipenyo zinakupa eneo la karibu sentimita za mraba 78, na vali ya usalama, inayoachia oili shinikizo likizidi, nimeifunga kwenye bar 170. Bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo inasukuma tani 13 na kitu. Ni pungufu ya ile jeki, na bado inafanya kazi ya siku tano za jeki kwa asubuhi moja. Swali la maana ni sekunde ngapi. Yangu inakwenda kwa sekunde saba hivi na kurudi kwa tano. Fundi wangu alitaka kuikaza vali ya usalama ili tupate nguvu zaidi. Nilimkatalia, na namshukuru kwamba hakukasirika. Silinda ile ni ya zamani, mipira ya oili ina kiwango chake cha shinikizo, na vali hiyo ndiyo inayozuia chuma kupasuka usoni mwa mtu.

Sasa kabari. Tuliikata kutoka kwenye ncha ya blede ya greda, chuma kigumu, kinachofaa sana kukata. Fundi akaichomelea kwenye boriti kwa rodi za kawaida za kuchomelea, namba 6013, kazi ikapendeza kwa macho. Siku ya pili, pande la tatu la mvinje, nikasikia mlio mkavu, tak, kama mtu aliyekatua kijiti. Nikazima injini nikainama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umefuata pembeni mwa mshono kutoka upande hadi upande, na kutu nyekundu bado haijaingia. Chuma kigumu namna ile ukikichomelea kikiwa baridi, sehemu iliyo karibu na mshono inakauka na kuwa kama kigae. Kinataka kipashwe moto kwanza, kichomelewe kwa rodi za 7018, kisha kiachwe kipoe polepole chini ya majivu. Na hizo 7018 hazipendi unyevu hata kidogo. Pwani yetu hii, pakiti ikishafunguliwa, rodi zinakunywa hewa ya bahari, na unyevu huo ndio unaozaa ufa.

Fundi akasema hana joko la kuzikaushia. Nikamwambia, fundi, mimi nina tanuri. Tukazipanga kwenye trei ya mikate, tukaziingiza moto ulipokuwa umetulia baada ya mikate ya alfajiri kutoka, zikakaa saa nzima. Tulizitoa zikiwa bado za moto, akawa anachukua moja moja na kuchomelea. Kabari hiyo iko mpaka leo, mwaka wa pili sasa. Nimeipapasa mshono wote juzi, hauna hata alama.

Chumvi ndiyo iliyonigharimu zaidi, na kosa lilikuwa langu. Wakati wa kaskazi nilisafiri wiki tatu nikaiacha mashine uani, silinda ikiwa imenyooka nje yote. Niliporudi shafti ilikuwa na madoa madogo meusi. Kwa jicho huyaoni sana, lakini ukipitisha ukucha unakwama. Kromu ilikuwa imetoboka. Kila shafti ilipoingia, vitobo vile vililamba sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, kama tupa, na baada ya wiki mbili oili ikaanza kudondoka mdomoni mwa silinda. Ikabidi silinda ifunguliwe, ipelekwe Mombasa, shafti ipigwe kromu upya na sili zibadilishwe. Tangu hapo mashine hailali shafti ikiwa nje. Jioni inaingizwa yote, kipande kinachobaki kinapakwa grisi, na turubai juu. Masika tangi lazima lifungwe vizuri pia. Oili ikishageuka rangi ya maziwa, ujue maji yameingia, na hiyo ni ya kumwaga. Natumia oili namba 46, lita 40, na chujio liko kwenye mpira unaorudisha oili tangini. Mwezi wa Februari na Machi, jua likiwa kali, tangi likifika mahali siwezi kulishika kwa kiganja nazima, tunakunywa chai.

Nilidhani mashine ingemfanya mzee wa shoka asihitajike. Imekuwa kinyume. Mimi nilikuwa naliweka pande katikati ya kabari, linabana, injini inalia. Mzee akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, usiupige moyo. Uvue nguo kwanza." Alimaanisha nianze pembeni, nibandue mbavu za mti kuzunguka, kisha moyo unabaki mwembamba na unapasuka wenyewe. Na upande wenye fundo uelekee kwenye bamba linalosukuma, usikutane na kabari mapema. Tangu alivyonifundisha sijabanwa na mvinje hata mara moja. Sasa yeye ndiye anayeiendesha, mimi nabeba.

Na anaiendesha peke yake. Hilo ni sharti la uani kwangu. Anayeweka gogo ndiye huyo huyo anayeshika mkono wa vali, hapana mwingine. Vidole vinakatika pale mmoja anaposhika gogo na mwenzake anapovuta mkono akidhani tayari. Na mipira ya oili ikivuja, msitafute tundu kwa kiganja, jamani. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa bar 170 inapenya ngozi bila hata kuuma sana, unaona alama kama ya mbu, na ndani mkono unaoza. Tumia kipande cha katoni. Na ikikupenya, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni oili ya haidroliki, usingoje uvimbe.

Gharama yote ilinifikia kama shilingi 135,000, kromu ya Mombasa kando. Pampu peke yake ilikula 28,000 na sijutii hata senti. Nilipojaribu kubana pesa ni kwenye kaplingi, kiungo kati ya pampu na injini: tulifunga ya kuungaunga, shafti za pampu na injini hazikunyooka pamoja, mpira wake wa katikati ukasagika kwa mwezi mmoja. Tukanunua nzuri, tukapima kwa rula pande zote nne kabla ya kukaza bolti, na ikatulia.

Kosa moja bado halijarekebishwa. Nilipima kimo cha kitanda cha mashine, pale pande linapolazwa, kwa magoti yangu, na mzee ni mrefu kunipita, anainama kila pande. Bega limepona, sasa anasema kiuno. Miguu ya chuma ya kuiinua sentimita 20 imeshakatwa, na fundi anakuja Jumamosi. Rodi zake nitaziingiza tanurini Ijumaa usiku.